Sweta ya Mtindo wa Izmir

Uongozi wa Jengo la Yakut, katika kikao chake halali cha tarehe kumi na nne Novemba, kilichohudhuriwa na wenye nyumba tisa kati ya kumi na wawili, uliamua kwa kauli moja kwamba mnyama wa aina yoyote, awe mkubwa au mdogo, mwenye manyoya au asiye nayo, hataingizwa, hatafugwa wala hatalazwa ndani ya jengo hata kwa usiku mmoja, kwa sababu jengo hili ni la familia, na mnyama si sehemu ya familia. Tangazo lilibandikwa kando ya lifti, mahali ambapo mtu hana la kufanya ila kusoma. Na kauli ilikuwa moja kweli, kwa maana ya kwamba Bwana Turgut wa ghorofa ya nne alikuwa amesinzia, na aliyesinzia hapingi.

Mwandiko ulikuwa wa Nebahat. Mjane huyu wa ghorofa ya tatu alikaa miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya ardhi ya Sivas, akinakili mashamba ya watu wengine kwenye madaftari makubwa, na hakuwahi kudondosha tone moja la wino pasipotakiwa. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani. Mwandiko akarudi nao nyumbani, ambako hakukuwa na cha kuandika zaidi ya orodha ya sokoni, mpaka Bwana Rifki, mkaguzi wa tiketi za treni wa zamani na msimamizi wa jengo wa sasa, alipomgundua na kumfanya katibu. Sentensi ile ya mwisho, kwamba mnyama si sehemu ya familia, haikutoka kikaoni. Nebahat aliiongeza mwenyewe. Tangazo lilikuwa linaishia ghafla, na yeye hakupenda maandishi yanayoishia ghafla.

Wiki saba baadaye alikuwa ameketi karibu na kipasha joto, uzi umempita nyuma ya shingo kama alivyofundishwa na mama yake, anamfumia mbwa sweta.

Mbwa alikuwa wa Gulriz, binti yake wa pekee, mwalimu wa kemia huko Izmir, pwani, ambaye angekuja kumtembelea shule zitakapofungwa katikati ya mwaka. Jina la mbwa ni Badem, yaani lozi, kwa sababu ya rangi yake. Alikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu na manyoya mafupi ambayo Izmir yanatosha. Sivas mwezi wa Januari hayatoshi. Sivas mwezi wa Januari hata makoti hayatoshi.

"Mama, mfumie kitu rahisi tu," Gulriz alikuwa amesema kwenye simu. "Bomba lenye matundu mawili. Huwezi kukosea."

"Mbwa hafumiwi, mwanangu."

"Basi nitamfunga kwenye skafu yangu, niugue mimi."

Nebahat akachukua kalamu na kuandika vipimo, kwa mwandiko uleule. Kutoka shingoni hadi mkiani, sentimita thelathini. Kifua, arobaini na mbili.

Aibu yake ilianza zamani kidogo. Gulriz alikuwa na miaka saba ya ndoa. Alishika mimba mara mbili, na mara mbili ikatoka. Kila mara Nebahat alikuwa amemsihi asimwambie mtu mpaka miezi mitano itimie, kwa sababu ya macho ya watu, na kila mara miezi mitano haikutimia, kwa hiyo hakukuwa na la kumwambia mtu. Jengo la Yakut lilijua hesabu moja tu: miaka saba, mtoto hakuna. Watu waliuliza ngazini kwa upole, kwa sauti ile ya kuulizia mgonjwa. Baada ya mara ya pili Gulriz akanunua mbwa. "Mbwa?" Nebahat alikuwa amesema. "Watu watasema nini?" Watu hawakusema kitu, kwa sababu hawakuambiwa. Nebahat alikuwa na picha thelathini na moja za Badem kwenye simu, na akiwaonyesha wenzake picha za Gulriz, kidole gumba chake kilikaa daima kwenye kona ya chini kushoto, hapo alipo mbwa.

Sufu aliichagua nzuri, ya rangi ya samli. Alijisemea kwamba ni kwa sababu ndiyo iliyokuwamo kabatini.

Alikuwa safu ya kumi na mbili Perihan wa ghorofa ya kwanza alipokuja kuazima chujio. Perihan hakai mlangoni. Aliingia, akaketi, na kama wafanyavyo wanawake wote wa jengo hilo waonapo kazi ya mtu, akaitwaa mikononi mwa mwenyewe, akaigeuza, akaingiza ngumi ndani yake.

"Shoga, hii ya nani? Mbona ndogo hivi?"

Nebahat alifungua kinywa. Perihan akaitazama tena ile sweta changa, akamtazama Nebahat, na uso wake wote ukafunguka.

"Gulriz!"

"Perihan, ngoja—"

"Gulriz! Usiniambie! Wallahi nilimwona ndotoni wiki iliyopita, anachota maji!" Akamkumbatia kwa nguvu, sindano zikiwachoma wote wawili.

Nebahat alibaki pale, pua imezama kwenye nywele za Perihan zilizonukia kitunguu cha kukaanga. Baadaye alipiga hesabu ya muda aliokuwa nao wa kulitamka neno mbwa. Sekunde nne, au tano. Kwa mtu aliyesoma shule zake zote, zilitosha. Lakini Perihan alikuwa analia. Kwa miaka saba hakuna mtu katika jengo lile aliyemlilia Nebahat kwa furaha, na joto lake lilikuwa joto kweli. Alipoachiwa alisema maneno yaliyomjia yenyewe, kwa kuwa alikuwa ameyasema mara mbili kabla:

"Usimwambie mtu. Bado mapema. Unayajua macho ya watu."

"Mimi? Mimi ni kaburi," Perihan akasema.

Saa kumi jioni mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara alimpa Nebahat mkate wa moto kutoka nyuma, si ule wa dirishani, akasema, "Huu wa bibi mtarajiwa. Mola amlete salama."

Jumanne ndiyo siku ya chai ya wanawake wa Yakut, na wiki ile zamu ilikuwa ya Hajati Saadet wa ghorofa ya pili. Hajati ana miaka sabini na minane, amehiji mara mbili, na ana wajukuu kumi na mmoja ambao wote walivikwa kwanza na mikono yake. Alituma ujumbe kwa Perihan: Nebahat aje na kazi yake.

Nebahat alijua maana yake. Katika Jengo la Yakut, mtoto wa kwanza wa mtu hafumiwi na mtu mmoja. Kila mwanamke hutia safu yake, na kila safu hutiwa na dua yake, ili mtoto akivaa awe amevaa jengo zima. Yeye mwenyewe alishatia safu kwenye sweta nne za watoto wa wenzake, na mara zote nne alirudi nyumbani akafunga mlango kwanza ndipo akaketi. Alikusudia kuiacha kazi ile juu na kusema amesahau. Perihan akampitia, akauona mfuko nyuma ya mlango, akaubeba.

Walikuwa wanawake saba. Chai ikamiminwa, vimkate vya jibini vikapita, na sweta ikaenda mkono hadi mkono. Sasa ilikuwa imepita matundu ya miguu ya mbele, na upande wa tumbo ulikuwa umefungwa.

"Mbona tumbo fupi hivi?" mke wa Bwana Turgut akauliza. "Mgongo umekwenda mpaka huko, tumbo limekatikia hapa. Si ataingiwa na baridi?"

Sababu anaijua yeyote aliyewahi kumvisha nguo mbwa dume: tumbo likiwa refu hulowa kila anapoinua mguu. Nebahat alitazama glasi yake ya chai.

"Ni mtindo wa Izmir," akasema.

"Aaa," wakasema wote. Kuhusu Izmir, watu wa Sivas wako tayari kuamini chochote.

"Ni kwa ajili ya nepi," Perihan akawafafanulia, kama mtu aliyeshauriwa tangu mwanzo. "Hufungui nguo yote. Unafikia tu."

"Na mikono mbona imekaa kifuani badala ya mabegani?"

"Madaktari wa siku hizi wanataka mikono iwe mbele," Perihan akasema. "Ndivyo, dada Nebahat?"

"Ndivyo."

Wakafuma. Mmoja aliomba mtoto awe na macho ya mamaye. Mwingine aliomba akili ya hesabu. Perihan alitia safu legelege, akatungika juu yake ushanga wa buluu wa kukinga jicho baya, akaukaza kwa pini. Mwisho Hajati Saadet aliinuka, akaenda kutia udhu, akarudi na mikono ya gauni bado imelowa. Alipitisha uzi nyuma ya shingo, akasema bismillahi, akaanza. Safu ya vitanzi sitini na viwili aliifuma polepole, midomo ikisoma Ayatul Kursi, na alipomaliza akaipulizia.

"Mola amkuze," akasema. "Amwepushe na njia mbaya. Amjaalie awe mcha Mungu, mpole kwa wazazi wake, na aje awazike yeye, wasimzike wao."

"Amin," wakasema wanawake sita.

Wa saba aliitikia kwa kuchelewa. Mmoja akamgusa goti, akidhani ni furaha.

Nyumbani Nebahat aliiweka sweta mezani, akaketi mbele yake kama mshtakiwa. Dawa ilikuwa wazi. Kazi ya kufuma, tofauti na kazi ya ofisi ya ardhi, hufutika: unashika ncha ya uzi, unavuta, na baada ya dakika tano hakuna kilichowahi kutendeka. Alishika ncha. Akavuta vitanzi viwili. Safu ya juu kabisa ilikuwa ya Hajati, imekaza kama mshono wa kiatu, na ndani yake mna aya. Kuifumua ni kufumua aya. Kuiacha ni kumvisha aya mbwa. Alikaa na uzi kidoleni mpaka chai ikapoa, kisha akavirudisha vile vitanzi viwili kwenye sindano na kuendelea.

Alipofikisha sentimita thelathini akaipima kwenye chupa ya mafuta ya alizeti ya lita tano. Ilikaa barabara. Akampigia Gulriz simu ya video.

"Hivi Badem hawezi kubaki na mumeo Oktay?"

"Oktay yuko kazini kutwa, Mama. Kuna nini?"

"Kuna tangazo. Jengoni. Wanyama hawaruhusiwi."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

"Uongozi," Nebahat akasema.

"Basi namtia kwenye begi, hatabweka. Siku nane tu. Sweta imekwisha?"

"Imekwisha."

"Sema tena, uso wako hauonekani vizuri. Unalia?"

"Ni taa," Nebahat akasema, akazima simu.

Alikuwa na siku kumi za kushuka ghorofa moja, kugonga mlango wa Hajati na kusema sentensi ya maneno manne. Kila asubuhi aliiandaa. Aliiandika hata kwenye karatasi, ikatoka safi bila doa. Alijua vizuri kitakachotokea asipoisema: mwanawe angepongezwa ngazini kwa mtoto ambaye hayupo, baada ya wale wawili ambao hawakupongezwa na mtu. Alijua, na kila jioni karatasi ilirudi mfukoni.

Gulriz alifika Jumamosi saa tano asubuhi, theluji mabegani, begi kubwa la nguo mkono mmoja na begi dogo lenye matundu pembeni mkono wa pili. Nebahat alikuwa amekusudia kumpokea stendi, lakini alichelewa kushuka. Perihan alikuwa amekusudia kumpokea mlangoni, na Perihan hushindani naye. Perihan alikuwa pale chini pamoja na Hajati Saadet, wamevaa vizuri, wanangoja.

"Weka chini! Weka chini hiyo!" Perihan akampokonya begi dogo. "Katika hali yako unabeba mizigo? Mama yako yuko wapi na akili zake?"

"Hali gani, shangazi?" Gulriz akauliza.

Begi likabweka.

Bwana Rifki, ambaye mlango wake uko kando ya lifti si kwa bahati, alitokea akiwa amevaa kofia yake ya ukaguzi. Alitazama begi. Akainua kidole kuelekea kwenye tangazo. "Kwa mujibu wa uamuzi wa tarehe kumi na nne Novemba—"

"Bwana Rifki!" Perihan akamkata. "Mwenye mimba haudhiwi! Ukimkera, mtoto anatoka na alama. Unataka mtoto wa watu awe na alama ya kofia yako usoni?"

Hajati Saadet alikwisha kuweka kiganja chake kikavu kwenye tumbo la Gulriz, juu ya koti, taratibu, anasoma.

Gulriz hakusogea. Aliinua macho akamwona mama yake kwenye ngazi, mkono kwenye ukingo wa mbao, amesimama kama mtu aliyesahau alikuwa anapanda au anashuka. Waliangaliana. Gulriz akaelewa.

"Asante, Mama Hajati," Gulriz akasema. "Asante, shangazi. Niko salama."

Bwana Rifki akavua kofia. "Kwa hali maalumu," akasema, "mpaka mama mtarajiwa atakapoondoka." Hivyo ndivyo mbwa wa kwanza alivyoingia Jengo la Yakut kihalali.

Juu, mlango ulipofungwa, Gulriz hakupiga kelele. Nebahat alikuwa amejiandaa kwa kelele. Gulriz alimtoa Badem begini, akamkausha miguu, akaitwaa sweta juu ya kiti, akamvisha: kichwa, mguu wa kwanza, mguu wa pili. Ilikaa kama ngozi. Mbwa akajipukusa, akazunguka mara moja kutafuta mkia wake, akaridhika.

"Ushanga nani kaweka?"

"Perihan."

"Na hii safu iliyokaza?"

"Hajati. Aliisomea."

"Alisoma nini?"

Nebahat akamwambia. Akamwambia na ile dua yote, kwa sababu aliikumbuka neno kwa neno, na kwa sababu hakuona haki ya kuficha tena hata neno. Gulriz alicheka ghafla, kicheko kifupi. Kisha akaacha.

"Wanawake saba," akasema. "Mbwa kaombewa na wanawake saba, mmoja na udhu." Akamrekebisha Badem ukosi. "Wale wawili hawakuombewa safu hata moja. Uliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Nilitoka hospitali mara ile ya pili nikapanda basi kuja hapa, unakumbuka? Hajati akanikuta ngazini akaniuliza, mwanangu mbona umekonda, unajinyima kwa urembo? Nikamwambia ndiyo."

"Gulriz—"

"Sina hasira, Mama. Nimechoka na safari."

Alikwenda kulala mchana ule, mbwa juu ya miguu yake. Nebahat alikaa jikoni na kumenya viazi vingi kuliko vilivyohitajika.

Zamu ya chai Jumanne iliyofuata ilikuwa yake. Wanawake walikuja na vitu: soksi ndogo, kofia yenye masikio, kipande cha flana. Waliviweka mezani kati ya vimkate, wakauliza Gulriz yuko wapi. Nebahat alisema yuko chumbani. Alimimina chai ya kila mtu kwanza. Hakumwaga tone, lakini alimimina glasi nane kwa watu saba. Kisha akaenda akafungua mlango wa chumba, na Badem akatoka.

Waliitambua sweta kabla ya kumtambua mbwa.

Unaweza kusikia, chai ikiwa mpya, namna sukari inavyoyeyuka. Badem alisimama katikati ya zulia, mgongo mrefu, tumbo fupi, miguu miwili ya mbele imetoka kifuani kama walivyotaka madaktari wa siku hizi. Ushanga wa buluu uliangaza ubavuni.

"Hakuna mtoto," Nebahat akasema. Alikuwa amesahau sentensi ya kwenye karatasi. "Nilikuwa nafuma ya mbwa, nikaona haya kusema. Perihan hakukosea, mimi ndiye nilimwachia. Gulriz hakujua kitu, alinisitiri mimi. Mliniombea kwa nia safi nikaitikia amin." Akatafuta pumzi. "Na walikuwapo wawili. Kweli walikuwapo. Sikuwaambia, nikamkataza na yeye. Hao ndio nilipaswa kuwaletea muwatilie safu."

Gulriz alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Hakuna aliyemtazama, ila kwa pembeni.

"Mtindo wa Izmir," Perihan akasema hatimaye, polepole, kwa mshangao wa mtu anayejisikia akiongea wiki mbili nyuma. "Na mimi nikawaambia nepi! Nebahat, umenifanya niseme nepi!" Mmoja akakohoa kuficha kicheko. Perihan hakucheka. Alichukua kofia yake yenye masikio mezani, akaikunja, akairudisha mkobani, akaufunga. Nebahat alikuwa amepokea makaripio ya wakubwa wa ofisi kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna lililomwingia kama sauti ya zipu ile.

"Miwani yangu," Hajati Saadet akasema.

Wakampa. Aliinama kutoka kitini, mikono nyuma, kama mtu anayetazama bidhaa asiyokusudia kununua. Badem akamsogelea kwa hisani.

"Pua yake iwe mbali nami, nina udhu. Safu yangu ni ipi?"

"Hiyo, Mama Hajati," Gulriz akasema. Akapiga magoti, akamshika mbwa. "Chini ya kwapa."

Hajati aliifuata safu kwa macho hadi mwisho.

"Nilikaza," akasema. "Inambana." Kisha, bila kuinua kichwa, "Na hao wawili, mwanangu. Walikuwa wa miezi mingapi?"

"Wa kwanza mitatu," Gulriz akasema. "Wa pili minne na nusu."

"Minne na nusu," Hajati akarudia. "Huyo alikwisha kupuliziwa roho." Akavua miwani, akafungua viganja. Wanawake wote wakafungua viganja, Perihan pia, mkoba umebanwa kwapani. Walisoma Fatiha kimya, mbwa amelala katikati yao na aya yake.

Nebahat alichelewa tena. Alisimama na birika mkononi na hakupata pa kuliweka, na alipopata, wenzake walikuwa wanajipangusa nyuso.

Bwana Rifki alipanda jioni ileile. Alikuwa na kofia kichwani. Alisema kwamba hali maalumu, kwa habari alizozipata, haipo tena, na kwamba mnyama aondoke kabla ya adhuhuri ya kesho, kwa mujibu wa uamuzi ambao katibu anaufahamu. Katibu alisema anaufahamu. Gulriz akasema hakuna shida, alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Stendi walikwenda kwa miguu, theluji ikilia chini ya viatu. Gulriz alimtoa Badem begini atembee kidogo, amevaa, mbele ya duka la mikate, na mwoka mikate akaitazama sweta, akageukia tanuri lake. Kwenye mlango wa basi Nebahat alisema, "Nisamehe." Gulriz alimbusu mkono, akaugusisha kwenye paji lake la uso kama alivyofunzwa, akasema, "Jifunike shingo, Mama." Hilo halikuwa jibu, na Nebahat hakudai jingine. Alirudi, akapita ukumbi wa chini macho chini, akaingia kwenye lifti, na kwa kuwa ndani ya lifti ile kuna kioo, akageukia mlango.

Perihan hajarudisha chujio. Ngazini husema habari za asubuhi, na Nebahat hujibu nzuri. Gulriz hupiga simu siku ya Jumapili. Picha sasa ziko thelathini na nane, na kidole gumba cha Nebahat, anapozionyesha, hukaa pembeni. Ila wanaoomba kuonyeshwa wamepungua.

Tangazo bado liko kando ya lifti, halina doa. Wiki ya pili ya Februari Hajati Saadet aligonga mlango wa Nebahat, hakuketi, akaulizia vipimo vya Badem, hasa upana wa kwapa. Anafuma kwa sufu ya kijivu, sindano namba nne. Amefika kwenye matundu ya miguu ya mbele.